Neno "addict" lilianza kwa mdaiwa, si kwa mlevi. Tulichimbue hapa

#1 Mchimba Maneno

Wakuu, habari za jioni.

Jana kwenye grupu la ukoo ilitupiwa video ya msemaji mmoja wa hamasa, suti ya bluu, maiki shavuni. Anasimulia kwamba zamani Roma kulikuwa na mtumwa aitwaye Addictus. Bwana wake akamwachia huru, lakini jamaa alikuwa ameshaizoea minyororo, akaendelea kutembea nayo mpaka akafa nayo. Eti ndipo Waingereza walipolipata neno "addict", la mtu aliyeshikwa na kitu kiasi cha kutoweza kukiacha. Ukumbi mzima kwenye video unalia. Mama mdogo akaweka vikofi vya makofi safu nzima.

Kiherehere changu kikanituma nijibu: "Hadithi tamu, ila si kweli."

Mama mdogo hakuchelewa: "Wewe unayejua kila kitu, ile elfu thelathini yangu unaijua?"

Nikafunga mdomo. Basi nimekuja kuyamalizia huku ambako sidaiwi na mtu.

Mtu aitwaye Addictus hakuwahi kuwepo. Hilo ni jina la hali ya mtu mbele ya sheria, kama tunavyosema mshtakiwa au mfungwa. Kitenzi chake ni cha Kilatini, *addicere*: *ad* ni "kwa", *dicere* ni "kusema". Hakimu anatamka, na kwa kutamka kwake wewe unakuwa mikononi mwa fulani. Huyo fulani mara nyingi alikuwa mtu anayekudai.

Sheria yenyewe imo katika zile Mbao Kumi na Mbili, sheria za Roma zilizoandikwa mwaka 451 na 450 kabla ya Kristo. Ubao wa tatu unahusu madeni, na sikieni hesabu yake.

Umekiri deni au umehukumiwa: unapewa siku 30 za kutafuta hela. Zikiisha, anayekudai anaruhusiwa kukukamata kwa mkono wake na kukuburuta hadi mahakamani. Huna hela na hakuna aliyesimama kukudhamini? Anakuchukua kwake, anakufunga kamba au pingu za miguuni. Uzito wa pingu umetajwa, ratili 15, kama kilo 5 hivi. Chakula, kama huna chako, anakupa ratili moja ya unga wa ngano kwa siku, theluthi ya kilo, akipenda aongeze. Unakaa hivyo siku 60. Ndani ya siku hizo unapelekwa uwanjani mbele ya hakimu katika siku tatu za gulio zinazofuatana, na deni lako linatangazwa kwa sauti, labda atatokea mwenye huruma alilipe. Gulio la tatu likipita kimya, unauawa au unauzwa ng'ambo ya mto Tiber. Ng'ambo kwa sababu raia wa Roma hakuweza kuwa mtumwa ndani ya Roma yake mwenyewe, na upande wa pili wa mto ilikuwa nchi ya watu wengine.

Sasa tuje kwenye kile alichokikosea yule bwana wa suti. Addictus hakuwa mtumwa. Alikuwa raia, mtoto wa watu. Quintilian, mwalimu wa ufasaha wa karne ya kwanza, alilieleza jambo hili vizuri sana: kutumika ni kitu kimoja, kuwa mtumwa ni kitu kingine. Mtumwa akiachiwa anaitwa mwachwa huru, na alama hiyo haimtoki. Addictus akikomboka anarudi kuwa muungwana vilevile kama alivyozaliwa. Na hata akiwa kifungoni bado ana majina yake matatu na kabila lake la kupigia kura, vitu ambavyo mtumwa hana.

Kwa hiyo hadithi ya minyororo inamgeuza juu chini. Yule wa kweli hakuwa na mazoea yoyote na minyororo. Alikuwa anahesabu magulio.

Karibuni.

#2 Siti ya Mbele

Nimewahi nafasi. Mtu aniletee kahawa na kashata.

#3 Mama Rejesho

Mkuu, hiyo sheria ya Roma mbona naijua? Hiyo ni kausha damu, hii mikopo yetu ya vikundi!

Siku 30 unahangaika, siku ya rejesho wanakuja mlangoni, jina na deni linasomwa mbele ya kikundi kizima mpaka jirani wa tatu anasikia. Tofauti ni kwamba wale wa Roma walibeba mtu, wa hapa wanabeba TV na friji. Mimi nilishatolewa godoro, mtoto kalalia. Na hakuna aliyenipa ratili moja ya unga.

#4 Wakili wa Mtaa

Mada nzuri. Niongeze mawili matatu.

Ubao huo una sentensi inayotisha kuliko zote, na mtoa mada ameiruka, sijui kwa huruma. Kama wanaokudai ni wengi, sheria inasema baada ya gulio la tatu "wakate vipande", na aliyekata zaidi au pungufu asihesabiwe kosa. Wengine wanasema ni kugawana mali, wengine wanasema ni mwili. Aulus Gellius, ambaye ndiye aliyetuhifadhia sehemu kubwa ya maneno hayo katika karne ya pili, anamnukuu mwanasheria mmoja akisema hakuwahi kusoma wala kusikia kwamba kuna mtu aliyekatwa kweli.

Pili, neno *addico* lenyewe lilikuwa zito. Praetor, yaani hakimu mkuu, alikuwa na maneno matatu ya kazi: *do, dico, addico*. Natoa, natamka, nakabidhi. Kalenda yao ilikuwa na siku ambazo maneno hayo matatu ni haramu kutamkwa. Siku hizo mahakama imelala, hakuna anayekabidhiwa mtu. Mshairi Ovid anazieleza siku hizo hivyo hivyo, kama siku ambazo maneno matatu yamenyamazishwa. Fikiria una deni, unaamka asubuhi, swali la kwanza si "leo nakula nini" ila "leo hakimu anaruhusiwa kusema?"

#5 Mchimba Maneno

Wakili, umenipokonya tonge mdomoni, hayo maneno matatu nilikuwa nimeyaweka ya kesho. Ngoja basi nichukue pale ulipoachia.

Huyo *dicere* ana ukoo mkubwa, na baadhi ya watoto wake tunao humu kwenye Kiswahili bila kujua. "Dikteta" ni mmoja, mtu ambaye akisema imesemwa. "Jaji" ni wa pili: tumelitoa kwa Mwingereza, Mwingereza kwa Mfaransa, Mfaransa kwa Kilatini *iudex*, na *iudex* ni *ius*, haki, pamoja na huyo huyo *dicere*. Jaji ni msema haki. "Verdict", hukumu kwa Kiingereza, ni kilichosemwa kweli. Kwa hiyo hakimu, hukumu na aliyehukumiwa wote wametoka tumbo moja, na "addict" ndiye kitindamimba aliyekaa kizimbani.

Kilatini kililitumia neno hilo hata nje ya mahakama. Mnadani, bidhaa ikimwangukia mwenye dau la juu, ni *addicere*. Wapiga ramli wakitazama ndege na ndege wakakubali, ndege "wamesema ndiyo", tena ni *addicere*. Popote lilipo, kuna sauti inayotamka na kitu kinachobadilisha mikono.

#6 Kijana wa Kijiwe

Sawa wakuu, ila mimi bado sijaona bangi hapo. Tumetokaje kwa mdaiwa wa Roma mpaka kwa jamaa anayebembea pale stendi?

#7 Mchimba Maneno

Kijana, kati ya hao wawili kuna kituo kirefu ambacho watu wengi hawakijui: neno lilipita kanisani na kwenye vitabu kwanza.

Kiingereza kililiokota katika karne ya 16, wakati wasomi wao walipokuwa wanachota Kilatini kwa ndoo. Mwanzoni lilikuwa karibu na maana ya sheria, kukabidhiwa au kufungwa kwa mtu. Lakini Mwingereza akafanya jambo ambalo Mroma hakulifanya sana: akaliweka kwenye kujitenda. Mtu hakukabidhiwa tena na hakimu, alijikabidhi mwenyewe. Na vitu ambavyo watu walijikabidhi kwavyo mara nyingi vilikuwa vizuri tu, kusoma, kusali, kumtumikia mfalme. Mwanafunzi aliyekesha na vitabu angeitwa "addicted" na mzazi wake akafurahi.

Ushahidi upo katika Biblia ya mfalme James ya mwaka 1611. Wakorintho wa Kwanza 16:15, Paulo anaisifu nyumba ya Stefana kwamba "they have addicted themselves to the ministry of the saints". Kuwahudumia watakatifu! Fungueni Biblia zenu za Kiswahili, Union Version, muone mstari huo umesemaje. "Wamejitia."

Nalipenda sana hilo "wamejitia". Kigiriki cha mstari huo kina kitenzi cha kujipanga mahali kama askari anavyojipanga kwenye mstari. Mfasiri wetu ameangukia neno ambalo lingemtosha hata Mwingereza wa wakati huo. Kujitia ni kuingia mwenyewe, kwa miguu yako, na kutoka si lazima iwe rahisi kama kuingia.

#8 Mlokole Mstaarabu

Bwana asifiwe. Ndugu mtoa mada, hapo nimeshtuka kidogo. Unataka kusema nyumba ya Stefana walikuwa mateja wa Injili?

#9 Mchimba Maneno

Amina, ndugu. La hasha, nasema kinyume chake. Mwaka 1611 neno halikuwa na teja hata mmoja ndani yake. Sisi ndio tunaosoma neno la zamani kwa miwani ya leo.

Ila hata wakati huo ulevi ulikuwa umeshaanza kulinyemelea. Shakespeare, miaka kumi na ushee kabla ya Biblia hiyo, ana yule mnene wake Falstaff anayesema kwamba angekuwa na wana elfu moja, somo la kwanza angewafundisha waachane na vinywaji vyepesi na "wajiaddict" kwenye mvinyo mkali. Utamu wa mzaha huo uko hapo: Falstaff anachukua neno la watu wa ibada na masomo, analipeleka kilabuni. Nadhani watazamaji walicheka kwa sababu neno lilikuwa la heshima bado.

#10 Siti ya Mbele

Falstaff namjua, anakaa mtaa wa nyuma yetu, kila mwisho wa mwezi anatoa semina kama hiyo.

#11 Mchimba Maneno

Haya, sasa bangi ya Kijana wa Kijiwe.

Kwa miaka zaidi ya mia tatu neno lilibaki kuwa kitenzi na sifa. Kujitia, aliyejitia. Nomino ya mtu, "an addict", unayemnyooshea kidole, haikuwepo kwa maana hii. Karne ya 19 Ulaya na Marekani zilikuwa na afyuni, mofini na bomba la sindano, na walioshikwa walikuwepo tele, wengi wao mabibi wa heshima waliopewa na daktari. Lakini Kiingereza kiliwaita kwa majina mengine. Kilichopendwa zaidi kilikuwa neno la tabia: mtu alisemwa ana "opium habit", mazoea ya afyuni. Ni lugha ya upole, kama unavyosema fulani ana mazoea ya kula usiku.

Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaingiza sokoni heroini kama dawa ya kikohozi. Mwanzoni mwa karne ya 20 ndipo "addict" ikasimama kwa miguu yake kama jina la mtu, kwanza la mtu wa mofini. Mwaka 1914 Marekani ikapitisha sheria ya Harrison ya kubana afyuni na kokeini, na ndani ya miaka michache aliyekuwa mgonjwa wa daktari akawa mhalifu wa polisi. Neno likapata nyumba yake mpya, na tazameni limehamia wapi: limerudi mahakamani! Miaka elfu mbili na ushee, limezunguka kanisani, maktaba, kilabuni, likarudi kizimbani lilikozaliwa.

Madaktari wenyewe baadaye halikuwakaa vizuri. Shirika la Afya Duniani mwaka 1957 lilijaribu kutenganisha uraibu na mazoea ya kawaida, yapi ni magonjwa na yapi ni tabia tu. Mpaka kati ya hayo mawili ukagoma kukaa. Mwaka 1964 wakayaweka maneno yote mawili pembeni, wakachukua la tatu, "utegemezi". Mwongozo wa magonjwa ya akili wa Marekani wa 2013 unazungumzia tatizo la matumizi, na ukaingiza kamari katika sura hiyo hiyo. Mwaka 2017 shirika la habari la Associated Press likawaelekeza waandishi waache kumwita mtu "addict", waseme mtu mwenye uraibu.

#12 Nesi wa Zamu

Mimi huwa nasoma tu sichangii, leo niseme kidogo.

Nimefanya kazi kwenye kliniki ya methadoni. Kwa wasiojua, Tanzania ilifungua ya kwanza pale Muhimbili Februari 2011, na sasa zipo za mikoani pia. Methadoni ni dawa ya maji, mgonjwa anakuja kila siku, anainywa mbele yako, unaongea naye kidogo uhakikishe imeshuka. Haimleweshi kwa kipimo chake, inamwondolea arosto, yale mateso ya kukosa unga, ili aweze kwenda kubeba zege au kuuza maji kama watu wengine.

Dirishani tunaita kwa jina kamili. Si namba, si "wewe". Kuna kaka mmoja alikuja wiki ya kwanza, ametoka maskani moja kwa moja, nikamwita majina yake matatu kama yalivyo kwenye kadi. Akageuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa. Nikarudia. Akasema, "Nesi, hilo la katikati nimelisikia mara ya mwisho shuleni." Huko alikotoka alikuwa teja, basi.

Nimesoma hapo juu yule mwalimu wa Roma aliposema addictus bado ana majina yake matatu, nikaacha simu kwanza nikaenda kunywa maji.

#13 Mkeka Umechanika

Dada Nesi shikamoo, umenitia nguvu na mimi nifunguke. Jina langu humu linajieleza.

Mimi sijawahi kugusa unga wala bangi, hata sigara. Mimi ni kubeti. Nilianza na mia tano za Jumamosi na washkaji. Nikapiga mkeka, yaani tiketi ya kubeti, mmoja wa timu saba, ukatiki wote, laki tatu na themanini. Kama ungechanika siku ile, leo ningekuwa mtu mwingine. Mwaka mmoja na nusu baadaye nabeti ligi ya vijana ya nchi ambayo siwezi kuionyesha kwenye ramani, saa tisa usiku, chooni, mwanga wa simu nimeupunguza mke asione.

Nilidhani arosto ni ya mateja. Kumbe hata sisi. Siku niliyojaribu kuacha nilikuwa natetemeka mguu mezani ofisini, jasho, kila simu ikilia naona ni goli. Halafu ikaja mikopo ya kwenye simu ya kulipia mikeka, na mikopo ya kulipia mikopo. Walipomtumia ujumbe shemeji yangu, kwa sababu namba yake ilikuwa kwenye simu yangu, ndipo nyumbani wakajua.

Sasa swali langu kwa wataalamu: katika hili mimi nilijitia au nilitiwa? Maana mtoa mada amesema Mroma anakabidhiwa, Mwingereza anajikabidhi. Mimi mkeka wa kwanza nilibonyeza kwa kidole changu mwenyewe. Wa mia mbili sikumbuki kubonyeza.

#14 Wakili wa Mtaa

Pole sana ndugu, na hongera kwa kusema.

Jibu langu la kisheria: hata mdaiwa wa Roma alikopa kwa mdomo wake. Hakuna aliyemlazimisha siku ya kwanza. Kilichofuata hakikuwa tena mikononi mwake. Lugha imebeba zote mbili.

#15 Bi Mtambuu

Salamuni alaikum jamaa wote. Mimi ni mtu wa Mombasa, Mji wa Kale, miaka yangu imekwenda kidogo kwa hivyo mnivumilie nikiwa mrefu.

Nyote mwasema "uraibu" na "mraibu" kama kwamba ni neno lililozaliwa hospitalini. Sisi twalijua zamani na halikuwa na ubaya wowote. Kwetu uraibu ni tambuu, jani la kutafuna pamoja na viungo vyake. Kamusi za zamani pia zinalitaja pamoja na tambuu, mwaweza kutazama.

Nyanya yangu alikuwa na kijaluba cha shaba, kimechongwa maua juu, kifuniko kimelegea upande. Ndani mna vijumba: chokaa, katu, tumbaku. Popoo zi mbali kwenye kikopo na mkasi wake. Majani ya mtambuu yamefunikwa kitambaa kibichi yasinyauke. Mgeni akija, kabla ya maneno, kijaluba chasukumwa mbele yake. Nyanya achukua jani, apangusa kwa kidole gumba, apaka chokaa kwa ncha ya kidole kidogo, kidogo sana maana ikizidi yachoma ulimi, atia popoo iliyokatwa nyembamba kama karatasi, akunja pembe tatu, ampa mgeni. Kisha ndio "habari za huko". Huo ndio uraibu. Kwenda kwa mtu usipewe uraibu, hapo wajua kuna neno.

Alikuwa haachi, hilo kweli. Mwezi wa Ramadhani magharibi ikiadhiniwa, wengine wakimbilia tende, yeye mkono washaufika kijaluba. Meno yalikuwa mekundu mpaka akazikwa nayo. Lakini hakuna aliyemwita mraibu kwa maana yenu ya sasa. Na madaktari sasa wasema tambuu na popoo zaleta saratani ya mdomo, hilo nalikubali, wala sitafuni. Kijaluba ninacho, natilia pini.

#16 Mchimba Maneno

Bi Mtambuu, shikamoo. Ningejua uko humu nisingeanzisha uzi, ningekuachia wewe.

Umenionyesha kitu. Maneno haya mawili tunayafanya tafsiri ya mwenzake, na yametoka pande mbili tofauti kabisa. La Mwingereza limetoka kizimbani, mtu amefungwa pingu, deni linatangazwa. La kwetu limetoka barazani, mgeni anakaribishwa. Yamekutana kwenye bango la kliniki kana kwamba ni ndugu.

Ndiyo maana mimi binafsi sioni shida na "mwenye uraibu", lakini kulisoma neno "addict" kana kwamba maana yake ni "mtu mwenye tabia mbaya" ni kumkosea mtu huyo. Tabia ni jambo jingine, na hilo pia lina historia yake. "Tabia" tumelitoa Kiarabuni, kwenye mzizi wa kupiga chapa. Ndugu yake ni "matbaa", kiwanda cha kuchapa vitabu. Tabia ni chapa uliyopigwa. Na "habit" ya Kiingereza imetoka *habere*, kuwa na kitu, na kabla ya kuwa mazoea ilikuwa vazi. Mpaka leo vazi la masista kwa Kiingereza ni "habit". Vazi unalivaa, unalivua. Chapa huivui. Kwa hiyo kwa Mwingereza tabia ni nguo, kwa Mwarabu na kwetu ni muhuri, na uraibu kwa Mroma si nguo wala muhuri, ni hati ya mahakama.

#17 Kijana wa Kijiwe

Na teja je? Mimi naona ni mteja aliyedondosha "m". Anayeuza kete anamwita mteja, mtaa unamwita teja.

#18 Wakili wa Mtaa

Ushahidi uko wapi, Kijana? Tumeanza uzi kwa kukanusha hadithi ya kutunga, tusiumalize kwa kutunga nyingine.

#19 Kijana wa Kijiwe

Ushahidi ni masikio yangu mkuu. Sawa, nafuta kauli.

#20 Mkeka Umechanika

Wakuu nimesoma yote. Nesi amenipigia PM, Jumatatu naenda kuonana na mtu wa ushauri. Programu za kubeti nimefuta mbele ya mke, tena namba nikamkabidhi yeye. Siku ya nne leo. Usiku ndio kazi.

#21 Nesi wa Zamu

Usiku ukikubana andika humu, nipo zamu mpaka Ijumaa.

#22 Mama Rejesho

Na mimi nipo, silali, nawaza Jumatano ya kikundi.

#23 Mchimba Maneno

Naweka taarifa fupi halafu nalala.

Nimeufupisha uzi huu nikautuma kwenye grupu la ukoo: Roma, pingu za ratili 15, siku 30, magulio matatu, kila kitu. Nikamalizia kwa adabu kwamba yule msemaji alikosea, addictus hakuwa mtumwa, alikuwa mdaiwa.

Kimya kama dakika kumi. Watu wamesoma, alama za bluu zote. Halafu mama mdogo anaandika:

"Asante mwanangu kwa elimu. Elfu thelathini yangu ulichukua tarehe mbili mwezi uliopita. Hizo siku 30 zimeisha lini?"

Wakili, ile kalenda ya siku ambazo hakimu haruhusiwi kusema, unayo hapo karibu?